Pumzi ya Mashavuni

Watu hunipita hapa barazani wakaniambia, "Bi Tumu, umepata wewe, una chumba cha mawe na mlango wa kufunga." Nawajibu nimepata, kwani nitasema nini? Wangejua nilivyokipata chumba hiki wasingenipongeza, wangenyamaza wakapita zao.

Nyumba hii ilikuwa ya Bibi Mahfudha binti Saad. Sisi tulikuwa watumwa wake. Serikali ilipotangaza kwamba utumwa umekwisha hapa pwani, wenye nguvu waliondoka, kila mtu akaenda kutafuta lake. Tukabaki wazee wanne tusio na pa kwenda. Bibi naye hakukaa sana, alikufa mwaka uliofuata, lakini kabla ya kufa aliiweka nyumba wakf mbele ya mashahidi. Maneno yake nayajua kwa moyo. Nyumba ikaliwe na wazee wangu wasiojiweza mpaka wa mwisho wao. Wakikosekana wasiojiweza, ikodishwe, na kodi yake igawanywe baina ya msikiti na msimamizi. Msimamizi akamweka Msellem, mtoto wa nduguye. Hapo ndipo alipokosea, Mungu amrehemu. Huwezi kumpa mtu fungu la kodi kisha ukamtaka awatunze wale wanaoizuia kodi isije.

Tulikuwa mimi, na Johari ambaye haoni, na Marjani mwenye matende mguuni, na Songoro. Wajoli sote, maana tulikuwa wa bibi mmoja. Mimi langu lilikuwa kifua. Baridi ya mwezi wa sita ikija, pumu hunishika nikakesha nimekaa kitako, nimekumbatia mto, nahesabu majogoo. Msellem alikuwa akituletea posho yetu pale anapokumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulikuwa kwa shida.

Songoro alikuwa mpiga zumari wa nyumba hii tangu ujana wake. Harusi haikuwa harusi Malindi kama Songoro hayupo mbele ya bwana arusi, kanzu nyeupe, macho mekundu, mashavu yamemvimba, na zumari halikatiki hata mara moja kutoka nyumba hii mpaka ile. Watu walisema ana jini anayempulizia. Hakuwa na jini wala nini, ni kazi aliyofundishwa kwa fimbo.

Asubuhi moja nimebanwa, roho i juu juu, midomo imekuwa ya kijivu, akanijia na bakuli la maji na kikonyo cha jani la mpapai, kile kirefu chenye uwazi ndani.

"Mjoli wangu," akasema, "tia hiki majini, upulize polepole. Maji yachemke, yasimwagike."

"Mimi nakufa," nikamwambia, "wewe waniletea mchezo wa watoto."

"Basi cheza, kisha utakufa."

Nilipuliza kwa hasira, maji yakaniruka usoni. Akacheka, akayajaza tena bakuli. Akanikalisha sawa, mgongo ukutani, akanishika tumbo kwa kiganja bila haya, akaniambia nivute kwa pua mpaka mkono wake usogee, kisha niitoe pumzi kidogo kidogo kupitia kile kikonyo, nisikilize mapovu. Mapovu yakienda mbio nimekosea. Yakienda taratibu, bul bul bul, ndivyo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa mwenyewe utotoni, kabla hawajamruhusu hata kugusa zumari. Nilipuliza mpaka jua likaingia kiwandani, uani kwetu. Nikastaajabu kuona nimelala chali, na mimi sikuwa nimelala chali siku nyingi.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Tukishasali alfajiri tunakaa kiwandani, wazee wanne na mabakuli manne, tunapuliza. Kache, yule mama wa Kigiriama aliyekuwa akituletea maji, mara ya kwanza alitua mtungi akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaja na fungu la vikonyo vibichi vya mpapai wake. Johari kikohozi chake cha usiku kikapungua. Marjani mguu wake haukupona, lakini aliacha kuugua kwa sauti, na hiyo ilikuwa rehema kwetu sote. Mimi nilianza kufagia. Nilianza hata kugombana, na Songoro alisema hapo ndipo alipojua nimepona.

Kuna jambo moja la Songoro ambalo halikunitulia. Sisi tulikuwa tukipuliza, tunapumzika, tunavuta tena. Yeye mapovu yake hayakukatika. Nikamuuliza anavutia wapi. Akanionyesha. Mashavu anayajaza hewa, na wakati mashavu yanasukuma, pua inaiba nyingine kidogo tu, kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani. Mtu aliye mbali anadhani pumzi haiishi.

"Lakini si kifua," akaniambia. "Kifua changu kimekwisha zamani, Tumu. Nilicho nacho ni mashavu."

Nami nilijua asema kweli. Akipanda ngazi ya darini hukaa katikati, ananiambia anatazama ukuta. Akitembea mpaka kisimani hurudi bila maneno. Kifua cha Songoro kilikuwa kibovu kuliko changu, lakini ukimkuta amekaa na zumari mdomoni utaapa ni kijana.

Siku moja Kache alikuja na habari badala ya maji. Alikuwa dukani kwa Dhirajlal, anangoja kupimiwa chumvi, akawasikia Dhirajlal na Msellem wakizungumza. Dhirajlal alikuwa akinunua pamba ya mashamba na hana pa kuiweka. Msellem akamwambia nyumba ya shangazi yake ina vyumba vikavu, kuta nene, na ipo karibu na pwani. Dhirajlal akauliza wazee je. Msellem akajibu, "Wazee wale wazima kuliko mimi. Kila asubuhi wanacheza mchezo wa kupuliza maji, wanacheka mpaka njiani wanasikika. Kesho nampeleka kadhi ajionee."

Nikawakusanya. Nikawaeleza neno kwa neno. Nikawaambia, "Kesho hakuna mabakuli. Kesho Marjani fungua mguu wako, kadhi auone. Johari, usijifanye waijua njia, papasa ukuta. Songoro, kadhi akikuuliza, simama, upande ngazi. Basi, usiseme neno, panda ngazi tu. Na sote tukohoe. Tukiulizwa, tunasema hatujiwezi, na huo ndio ukweli wenyewe, hatumdanganyi mtu."

Wakaitikia. Wallahi waliitikia wote. Johari alisema, "Tutasema." Songoro aliinamisha kichwa kukubali.

Sasa nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Katika nyumba kubwa kama hii, mgeni akiingia, mtumwa hana maradhi. Mtumwa mwenye njaa au mwenye homa mbele ya mgeni ni aibu ya bibi yake, watu watasema nyumba ile haina kitu. Tulilelewa hivyo tangu tulipofikishwa hapa, hatujui hata kusema Kiswahili sawasawa. Johari huyo huyo, kabla hajapofuka, aliwahi kuandaa kahawa kwa wageni wa Bibi ana homa ya kutetemeka, na hakumwaga hata tone, akaanguka jikoni wageni walipokwisha toka. Bibi alimvisha pete ya fedha. Pete ilikwisha uzwa siku nyingi, lakini hadithi yake anaisimulia mpaka leo, na uso unamng'aa.

Na Msellem analijua hilo. Nimembeba mgongoni yule, nimemwogesha. Alikulia mikononi mwetu, hakuna asilolijua katika sisi. Kwa hiyo hakumleta kadhi kama kadhi.

Alikuja baada ya alasiri, amevaa joho, nyuma yake kadhi na wazee wawili wa mji, na mtu amebeba halua na birika la kahawa. Akasimama mlangoni akapaza sauti, "Hodi, nyumba ya Bibi Mahfudha! Wageni wa Bibi hawa!"

Kama kwamba yuko hai. Kama kwamba yuko darini anajitia manukato, atashuka sasa hivi.

Nikawaona wajoli wangu wanavyogeuka mbele ya macho yangu. Marjani aliuteremsha msuli aliojifunga kiunoni ukafunika mguu, akasimama wima. Johari alivuka ukumbi moja kwa moja bila kugusa ukuta, akalipokea birika kwa yule mtu, akaanza kumimina kahawa kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa. Songoro alijitanda shuka yake vizuri begani, akatangulia kuwapa mkono. Mimi nilikohoa. Nilikohoa peke yangu, na Johari akanigeuzia uso kama mtu aliyesikia mwenzake ametoa upepo mbele za watu.

"Hamjambo, wazee wangu?" akasema kadhi.

"Hatujambo, alhamdulillahi, karibuni."

"Mnaendeleaje humu?"

"Kheri tupu," akasema Marjani. "Bibi hakutuachia dhiki."

Kadhi alikuwa mtu wa haki, siwezi kumsingizia. Alianza na wenzangu watatu, akamuuliza kila mmoja, kwa jina lake, kama anajiweza. Kila mmoja akasema anajiweza, ashukuriwe Mungu. Msellem alikaa anakula halua, hakufungua mdomo kwa jambo hilo hata kidogo. Alimgeukia Songoro tu, kwa sauti laini, akasema, "Baba Songoro, wageni wa Bibi wanywe kahawa kimya kimya? Haikuwa hivyo zama zetu."

Nilimwambia Songoro kwa macho asinyanyuke. Akaniona, naye akanyanyuka. Akaleta zumari, akaulowesha utete wake kwa mate, akakaa kitako kwenye kizingiti. Akapiga. Lile alilolipiga lilikuwa la kumsindikiza bwana arusi, refu, lisilo na mahali pa kupumzika, na hakupumzika. Wale wazee wa mji walitazamana. Mmoja alifuta machozi, akasema hajasikia zumari lile tangu harusi yake. Kadhi aliinamisha kichwa, na nilijua anawaza nini. Mtu mwenye pumzi hizi haumwi.

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nikasimama katikati ya ukumbi.

"Kadhi," nikasema, "hiyo si pumzi, ni mashavu. Mwambie apande ngazi hiyo mara moja uone. Huyu haoni, tukufunge macho wewe ujue alivyo? Huyu ana mguu kama kinu chini ya huo msuli, mwambie akuonyeshe. Juzi tulilala bila kitu, jana tulikula muhogo aliotupa Mgiriama mchota maji. Hatujiwezi hata mmoja. Huyu Msellem anataka vyumba vya kutia pamba."

 Johari aliliweka birika chini, nikadhani atasema. Na kweli alisema.

"Mwongo," akasema Johari. "Nyumba ya Bibi haikulala njaa. Msimsikilize."

Nikamgeukia Songoro. Yeye ndiye aliyenirudishia roho yangu kwa bakuli la maji. Alikuwa bado anahema kwa siri, puani tu, mdomo ameufunga, jasho linamtoka shingoni. Akangoja mpaka apate pumzi ya kutosha maneno.

"Tusamehe, kadhi," akasema. "Huyu ana maradhi ya kifua siku nyingi. Yakimshika humpanda kichwani. Mambo ayasemayo si yake."

Sijui kama alitaka kunisitiri mimi au kumsitiri Bibi. Nimeliwaza hilo mara nyingi na kila mara nakasirika upya. Msellem ndiye aliyetikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Maskini Bi Tumu. Yeye kweli mgonjwa."

Hukumu ikawa nyepesi. Kadhi akasema masharti ya wakf ni wasiojiweza. Hawa watatu wamekiri kwa ndimi zao, mbele ya mashahidi, kwamba wanajiweza, nao ni watu huru, akili zao timamu. Huyu mwanamke ni mgonjwa na ushahidi upo, basi abaki na chumba chake mpaka mwisho wake. Vyumba vingine msimamizi avikodishe. Nilipiga kelele kwamba mimi ndiye mzima, kwamba mimi nafagia nyumba hii nzima, wamtoe nani wamwache nani? Nilipiga kelele mpaka kifua kikanibana kweli, nikaanza kukohoa, nikashika nguzo. Kadhi akanitazama kwa huruma akasema wanilaze.

Waliondoka siku ya tatu. Msellem alimpa kila mmoja shuka mpya mlangoni, mbele za watu. Wakashukuru. Wakatoka wamenyoosha migongo, Johari amemshika Marjani mkono, na hakuna aliyenigeukia kuniaga. Nilikuwa nimemvunjia Bibi heshima mbele ya wageni, na kwao hilo halina msamaha. Nyumba wamepoteza, na wanaona mimi ndiye niliyefanya ubaya.

Marjani na Johari walijisitiri kwenye kibanda cha makuti nje ya mji. Songoro, Msellem alimpa kazi, tena akaitangaza kama fadhila. Kazi nyepesi ya mzee, akasema. Kuamia ndege katika shamba lake la mtama. Mtu anakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti, tangu alfajiri mpaka jua kutua, ndege wakishuka apige ukelele. Basi ndiyo kazi. Kupiga ukelele mchana kutwa. Akampa kazi hiyo mtu asiye na kifua.

Nilikwenda kumwona. Nilitembea kwa miguu yangu mpaka shambani, sikukaa njiani, pumzi yangu inaingia na kutoka sawasawa, navuta kwa pua kama alivyonifundisha. Nilimkuta chini ya dungu, hakuwa amepanda. Kifua kilikuwa kinamwingia ndani mpaka mbavu zinahesabika. Ndege walikuwa kwenye mtama, wanakula watakavyo.

"Njoo chumbani kwangu," nikamwambia. "Nitakwenda kwa kadhi kesho. Utaulizwa neno moja tu."

"Nitamjibu nini?" Aliyasema kwa vipande, akingoja baina ya kipande na kipande.

"Sema hujiwezi. Utazame ulivyo, mwanamume wewe! Sema siwezi, basi, uje ulale penye dari."

Akatikisa kichwa. "Nimeshasema. Mbele ya wageni."

"Nitasema mimi."

"Ukisema," akaniambia, "nitakukana."

Nilimtukana. Nilimtukania Bibi wake, nikamwambia Bibi amekufa, Bibi ni mifupa, na alipokuwa hai alimnunua yeye kwa vitambaa.  Ndege walipozidi akainuka, akashika nguzo ya dungu, akafungua kinywa kuwafukuza, na sauti iliyotoka hata mimi niliyekuwa karibu sikuisikia vizuri. Nikawafukuza mimi. Nilipiga ukelele wa haja, shamba zima likatikisika, ndege wakaruka wote. Akanitazama, akatabasamu, fundi aliyeona kazi yake. Nilimpenda yule mzee. Sikumwambia siku ile kwa sababu ya hasira, na hasira yenyewe ninayo mpaka leo.

Alikufa kabla ya mavuno. Walimkuta asubuhi juu ya dungu, sijui alipandaje. Msellem alitoa sanda, akasimama mbele katika mazishi, watu wakamwombea kheri.

Nilimfuata Johari kibandani kwake nimpe habari, maana hakuna aliyejishughulisha kumpelekea. Hakuwa amesema nami tangu siku ile ya kahawa. Nilikaa nje, nikamwambia Songoro ametutoka. Akauliza amekufaje, kitandani? Nikamwambia hapana, kazini, juu ya dungu la Msellem, akiamia ndege.

Akaipapasa ile shuka yake ya Msellem magotini. Kisha uso ukamng'aa, vilevile kama anaposimulia hadithi ya homa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kafa anajiweza."

Nilitaka kumpiga, na mkono niliuinua. Lakini haoni, asingejua hata kujikinga. Nikamshika kiwiko cha mkono, nikamwongoza mpaka kwenye matanga.